Praktikali ya kufuta X: jinsi ya kuifanya, na hiyo 1/t inatoka wapi

Praktikali hii inapima kasi ya riaksheni (mmenyuko wa kemikali) kwa kuhesabu muda t, yaani sekunde ambazo alama ya X chini ya bika inachukua mpaka ipotee. Nimefundisha vijana wengi wa kidato cha nne wanaochora grafu ya 1/t vizuri kabisa, ila ukiwauliza kwa nini 1/t na sio t tu, wanakuangalia. Inaniuma kwa sababu hilo ndo somo lenyewe, hayo mengine ni kumimina tu.

Haya, unahitaji thiosalfeti ya sodiamu (tuseme 0.2 M, yaani moli 0.2 kwa lita), asidi ya haidrokloriki, maji, bika moja, silinda mbili za kupimia, saa ya sekunde na karatasi nyeupe. Silinda ya asidi isiguse thiosalfeti hata kidogo, weka alama kabisa. Chora X kwenye karatasi, weka bika juu yake. Mimina thiosalfeti sm³ 50, kisha asidi sm³ 5, washa saa hapohapo, tikisa mara moja, halafu angalia kutokea juu. Maji yanaanza kuwa meupe-njano, hiyo ni salfa inajitenga. X ikipotea kabisa, zima saa.

Rudia na thiosalfeti 40, 30, 20, 10, ila kila unachopunguza unafidia kwa maji, yaani 40 na maji 10, 30 na maji 20, mpaka 10 na maji 40. Maji yanatangulia kabla ya asidi. Asidi inabaki 5 siku zote.

Hapa kwenye maji ndo wengi wanateleza. Jumla ikibaki 55 kila mara, kina cha maji kwenye bika hakibadiliki, asidi nayo inakuwa na konsentresheni (wingi wake ndani ya mchanganyiko) ileile, kinachobadilika ni thiosalfeti peke yake. Ukisahau maji, kimiminika kinakuwa kifupi, salfa ya kuficha X inakuwa na kina kidogo, na muda unaopata hauwezi kuulinganisha na ule wa kwanza.

Sasa 1/t. X inapotea pale salfa ikifika kiasi fulani, na kiasi hicho ni kilekile kila mara kwa sababu bika ni ileile, X ni ileile na macho ni yaleyale (kwa hiyo msipokezane kuangalia, mmoja aangalie mwanzo mwisho). Kasi ni kiasi kilichotengenezwa gawanya kwa muda, kiasi hakibadiliki, basi kinachobaki kuamua kasi ni 1/t. Ni hilo tu! Tuseme sm³ 50 imechukua sekunde 30, 1/t ni 0.033. Sm³ 25 ingechukua kama sekunde 60, 1/t ni 0.017. Thiosalfeti nusu, kasi nusu. Ukichora 1/t dhidi ya konsentresheni unapata mstari ulionyooka unaoelekea sifuri, ukichora t yenyewe unapata mkunjo ambao haukuambii hivyo moja kwa moja.

Na kwa nini iwe hivyo? Fikiria Kariakoo siku mbili kabla ya Idi na Kariakoo Jumapili asubuhi, watu wakiwa wengi eneo lilelile wanagongana zaidi, chembe nazo ni hivyohivyo. Ila kugongana tu hakutoshi, lazima zigongane kwa nguvu ya kutosha, la sivyo zinaachana kama zilivyokuja. Ndo maana joto lina nguvu sana hapa, ukipasha thiosalfeti chembe zinakimbia zaidi, lakini kubwa ni kwamba zile zenye nguvu ya kutosha zinaongezeka sana. Kwa riaksheni nyingi nyuzi 10 tu zinakaribia kuongeza kasi mara mbili. Ukifanya praktikali ya joto, tumia konsentresheni moja tu mwanzo mwisho, na joto usome baada ya kuchanganya, sio lile la kwenye jiko.

Fungua madirisha tafadhali. Inatoka gesi ya salfa dayoksaidi, inakaba kifua, na mwenye pumu akae mbali, hili sio la kuoneana aibu. Usipashe zaidi ya nyuzi 50 maana gesi inazidi.

X ikipotea tu, mwaga na usugue bika palepale, salfa ikikauka inang'ang'ania chini, na kipimo kinachofuata X inaanza kufifia kabla hata hujamimina asidi.