Taya limevimba na haliumi: kabla ya kwenda kupimwa

Uvimbe wa taya usio saratani una hila moja: mara nyingi hauumi. Mtu anakaa nao miaka akidhani amenenepa shavu, mpaka magego yaanze kucheza au meno ya bandia yagome kukaa. Hapo ndipo anakwenda kung'oa jino. Usikubali ling'olewe kabla ya eksirei. Kama chini yake kuna ameloblastoma, aina mojawapo ya uvimbe huo usio saratani, ambayo hupenda taya la chini huku nyuma, jino litatoka na ugonjwa utabaki palepale.

Kabla ya siku ya miadi, fukua picha zako za zamani: ya harusi, ya kitambulisho, yoyote inayoonyesha uso mzima. Daktari atauliza uvimbe umekua kwa kasi gani, na hakuna anayejikumbuka vizuri kwenye kioo. Beba na eksirei za nyuma, hata ile iliyokunjamana chini ya godoro. Andika dawa unazomeza, hasa za kuzuia damu kuganda.

Miadi ni ya uvimbe wa polepole. Mdomo wa chini ukifa ganzi, au shavu la mtoto likifura ndani ya wiki chache, nenda leo. Kwa mtoto huenda ni saratani iitwayo limfoma ya Burkitt, aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Kampala mwaka 1958, na hiyo hutibiwa kwa dawa za saratani, si kwa kisu.

Picha ndogo ya jino moja haitoshi. Ulizia OPG, eksirei inayotoa mataya yote mawili kwa mkupuo. Ameloblastoma mara nyingi huonekana humo kama povu la sabuni, ila jina la ugonjwa huthibitishwa na kinyama kinachokatwa na kupelekwa maabara. Kipande chenye mfupa hulainishwa kwanza, mara nyingi kwa asidi, ndipo kikatike vizuri, kwa hiyo majibu kuchelewa si lazima yawe mabaya. Hakikisha eksirei inafuatana na kinyama, kwani baadhi ya magonjwa ya mfupa hufanana mno kwenye hadubini. Jibu likitaja seli kubwa zenye viini vingi, ulizia kipimo cha kalsiamu na homoni ya paratiroidi kabla ya upasuaji. Tezi hizo ndogo za shingoni zikizidisha kazi huweza kula mfupa wa taya.

Kabla ya kusaini fomu, uliza watakwangua uvimbe au watakata mfupa. Ameloblastoma iliyokwanguliwa tu hurudi mara nyingi, ndiyo maana wengi hukatwa pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa usio na ugonjwa. Uliza pia pengo litazibwa na nini, na utarudi kupigwa picha kwa miaka mingapi.