Jinsi ya kupiga muvi ya ndoa yenye wasiwasi hapa Mtwara, bila kumwonyesha mchepuko

Cha kwanza kabisa mchepuko msimwonyeshe. Najua mshampata dada wa kuvaa dera jekundu, mpeni kazi nyingine, maana mtazamaji akimwona tu gesti na mume wa mtu stori imeisha, imebaki kutukanana. Muvi ya hivi inaishi kwenye "labda".

Na huku kwetu hiyo "labda" haina shida kuipata, tumia msimu wa korosho. Mnada umepita, hela imeingia akaunti ya mume, mke anajua kilo walizopeleka chama cha msingi maana kaziokota na kuzianika yeye, bei kaisikia mtaani. Tuseme kilo 600 kwa shilingi 3,000, hiyo ni milioni 1 na laki 8, toa makato, halafu mzee anarudi na laki 9 na shati jipya. Hapo sini nzima unayo na hakuna aliyetaja mwanamke.

Kila ushahidi uwe na majibu mawili, yaandike kwenye daftari kabla hujashika kamera. Kila Alhamisi anavuka na kivuko kwenda Msangamkuu: ana mtu, au analipa kidogo kidogo deni la salfa, dawa ya mikorosho, alilomficha mkewe. Kama jibu la pili hulipati, futa hiyo sini.

Simu sasa, hapa wengi tunaharibu. Kamera inavutwa mpaka meseji isomeke, "nimekumiss baby", jamani! Mke anakuna nazi, simu ya mume imelala kifudifudi mkekani, inatetema, mbuzi inanyamaza kidogo, halafu anakuna kwa kasi kuliko mwanzo. Basi. Hiyo sauti ya mbuzi irekodi peke yake karibu kabisa, utaishukuru ukifika kuedit.

Maneno yawe ya jikoni, "unanisaliti" waachie tamthilia za kutafsiriwa:

– Huli leo?
– Nimeshiba.
– Umeshiba wapi?

Kata hapo hapo, usimwache mume ajibu.

Shoga yake awepo wa kumchochea, na somo yake, yule aliyemfunda, wa kumwambia tulia mwanangu, ila msimfanye somo mjinga, yeye mwenyewe kashapitia.

Mambo ya ufundi kwa ufupi: ufukwe wa Shangani mzuri ila upepo unakula sauti, maongezi pigeni ndani, na mvua ikianza kwenye bati pumzikeni tu. Simu ya kurekodia weka hali ya ndege. Kibali cha Bodi ya Filamu msiruke, anzieni kwa afisa utamaduni, na kivukoni ombeni ruhusa mapema.

Mimi ningemalizia kivukoni. Mke kasimama upande wa mjini, mume anashuka na kimfuko cheusi, hatujui kina nini. Anampokea kama kawaida, anakipima uzito mkononi. Kata.