Mambo ya kuzingatia kabla ya kutoka Kigoma kwenda Unguja msimu wa sikukuu

Ifikapo katikati ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa na mvua imekwisha kushika kasi mkoani kwetu, familia nyingi za Mwanga, Gungu na Ujiji huanza kupanga safari ya kwenda kuiona bahari, na karibu zote huanza kwa kuulizia bei ya hoteli. Kwa maoni yangu, swali la kwanza lingepaswa kuwa hili: siku hizo mwezi utakuwa na siku ngapi tangu kuandama? Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika anayajua maji, ila anayajua maji yasiyohama. Ziwa letu lina kina kinachofika takribani mita 1,470, na ukiliacha jioni pale Katonga, asubuhi unalikuta palepale ulipoliacha. Bahari ya Unguja ina saa zake za kwenda na za kurudi, na asiyezijua huweza kulipia siku tatu za ufukweni akaogelea siku moja.

Nilijifunza hilo Paje, pwani ya mashariki, nilipofika saa nne asubuhi na watoto wawili waliokwisha kuvaa nguo za kuogelea tukiwa bado garini. Mbele yetu palikuwa na uwanja mpana wa mchanga mweupe wenye madimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na kina mama wameinama mbali sana kwenye mashamba yao ya mwani, huku bahari yenyewe ikionekana kama uzi mweupe wa mawimbi yanayovunjika juu ya mwamba. Mdogo aliuliza ni nani aliyeyamwaga maji. Siku hiyo ilikuwa ya bamvua, yaani siku ya maji kujaa sana na kupwa sana, nami sikuwa na habari.

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili katika muda unaozidi siku moja kidogo, kwa hiyo kutoka kujaa hadi kupwa hupita saa sita na dakika kadhaa, na kila siku ratiba hiyo huchelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, mvuto wake na ule wa jua huungana, ndipo panapokuwa na bamvua, na tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa Unguja hukaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo hupingana na maji husogea kidogo tu, na wavuvi wa pwani huyaita maji mafu. Kwa kupanga siku yako, inatosha kukumbuka kwamba wakati wa bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na kwamba baada ya wiki moja hivi mambo hugeuka, yakajaa asubuhi na kupwa jioni. Ratiba kamili hupatikana kwenye intaneti, lakini nahodha yeyote wa ngalawa atakueleza kwa uhakika ukimwamkia kwa adabu.

Hapo ndipo uchaguzi wa ufukwe unapokuwa na maana. Paje, Bwejuu na Jambiani zina bahari ya kina kifupi iliyozungukwa na mwamba, na maji yakipwa huondoka mbali. Nungwi na Kendwa, kaskazini kabisa mwa kisiwa, ufukwe huteremka upesi zaidi, hivyo mtu anaweza kuogelea karibu saa zote. Mwenye siku mbili tu na watoto wenye hamu ya maji aende kaskazini, akubali msongamano wake na bei zake. Mwenye wiki nzima asiidharau pwani ya mashariki, kwa sababu kutembea juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa ni starehe ambayo ziwa haliwezi kutupatia. Vaa yeboyebo au viatu vingine vya mpira visivyovuka, maana kwenye madimbwi hukaa viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu inayokatikia ndani ya nyayo. Usikanyage kamba za mwani zilizofungwa kwenye vijiti, kwani hilo ni shamba la mtu. Na ukiona maji yameanza kurudi, geuka mara moja, kwa kuwa hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na ufukwe, kabla hujayaona yakipanda pale uliposimama.

Kuhusu njia ya kufika, msafiri wa Kigoma ana faida ambayo wengi hawaitumii. Kabla ya Krismasi watu wa Dar es Salaam humiminika kwenda mikoani, na baada ya Mwaka Mpya hurudi kwa wingi uleule, shule zikikaribia kufunguliwa. Sisi tunakwenda kinyume chao. Anayetoka Kigoma kati ya tarehe 15 na 22 Desemba na kuondoka Dar es Salaam mwanzoni mwa Januari hupata nafasi kwa urahisi zaidi kuliko anayesubiri ale sikukuu nyumbani kwanza, kisha aanze safari tarehe 28 akiwa amebanana na wanaorejea mjini. Safari ya basi inazidi kilomita 1,200 na mwisho wake ni kituo cha Mbezi, kilicho zaidi ya kilomita 20 kutoka bandarini, kwa hiyo usipange kushuka kwenye basi na kupanda boti kana kwamba viko mtaa mmoja.

Treni bado ni usafiri ninaoupenda, pamoja na uzito wake. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na Desemba ndiyo mwezi ambao mvua huanza kuichosha, hasa sehemu ya Kilosa na Gulwe ambako mafuriko yamewahi kukata njia mara kwa mara. Tangu mwaka 2024 abiria anaweza kushuka Dodoma na kuendelea kwa treni ya umeme ya SGR hadi Dar es Salaam kwa saa nne hivi au pungufu, akaishia katikati ya jiji, si mbali na bandari. Ajue tu kwamba stesheni mbili za Dodoma haziko mahali pamoja, na kwamba tiketi ya SGR ya wiki ya sikukuu haipatikani kwa kuibukia dirishani. Vyovyote utakavyosafiri, acha siku moja tupu kati ya kufika Dar es Salaam na kuvuka bahari. Siku hiyo huonekana ya hasara mpaka basi liharibike Manyoni.

Boti ya mwendo kasi huvuka hadi bandari ya Malindi, Unguja, kwa muda wa saa mbili hivi. Tiketi ikatwe mapema, kwa jina lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, na watoto wachukuliwe vyeti vya kuzaliwa. Mwaka mmoja nilifika bandarini tarehe 27 Desemba bila tiketi, nikamsikiliza kijana mmoja wa pale nje aliyenihakikishia kwamba dirishani pamejaa ila yeye anazo mbili. Tiketi zilikuwa halali, lakini zilikuwa za kesho yake, na usiku huo wa gesti Kariakoo ulinigharimu zaidi ya nauli yenyewe. Tangu hapo hununua kwenye ofisi ya kampuni au kwenye mfumo wake tu. Kuanzia Desemba upepo wa kaskazi huvuma na mkondo wa Unguja huweza kuchafuka, kwa hiyo anayesumbuliwa na kichefuchefu ameze dawa kabla ya kupanda, kwani akisubiri kichwa kianze kuzunguka haitamfaa. Nasema hivyo nikiwa mtu niliyepanda sana mitumbwi ya injini kutoka Kibirizi hadi Kagunga, nikajidhania nimekomaa.

Malazi yahitaji maswali manne kabla ya kutuma malipo ya awali. Je, kuna bei ya wakazi wa Tanzania? Kodi na ada zinazotozwa kwa kila mtu kila usiku zimo ndani ya bei au ni nje? Je, kwa wiki ya mwisho wa mwaka wanakubali mgeni wa usiku mmoja au mawili, maana hoteli nyingi hudai siku zaidi? Na je, chakula cha mkesha wa Mwaka Mpya ni lazima kulipiwa? Swali hilo la mwisho huwashtua wengi siku ya kuondoka. Majibu yapokee kwa maandishi, na namba ya kutumia malipo ihakikishwe kwa kupiga simu ya mapokezi, isichukuliwe kwenye tangazo tu. Wanaoona bei za Desemba hazibebeki wanaweza kusogeza safari hadi wiki ya pili ya Januari, ila wakumbuke kwamba tarehe 12 ni Sikukuu ya Mapinduzi na kisiwa hujaa tena.

Fedha taslimu kiasi zibebwe kutoka mjini, kwani mashine za kutolea fedha vijijini pwani ni chache. Daladala za kwenda mashamba zipo na ni nafuu, kama ile ya namba 116 ya Nungwi, lakini hupungua jioni, hivyo anayefika na boti ya alasiri ajiandae kulipa teksi.

Kuhusu mavazi, mtu wa Ujiji hahitaji kufundishwa, maana mji wake na Mji Mkongwe viliunganishwa na njia moja ya misafara tangu karne ya 19, na stara ni ileile. Kwa wengine, itoshe kusema kwamba nguo za kuogelea ni za ufukweni, na ukiingia mjini au kijijini mabega na magoti yafunikwe.

Jambo la afya ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha ni malaria. Unguja imepunguza sana ugonjwa huo, wakati Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa, kwa hiyo ni sisi tunaoweza kuubeba kuwapelekea wenyeji wetu. Mwenye homa kabla ya safari apime na kumaliza dozi, na anayeugua akiwa kule amweleze mganga waziwazi kwamba ametoka Kigoma. Jua la usawa wa bahari nalo lina unyevu tusiouzoea sisi tunaoishi zaidi ya mita 770 juu yake. Watoto wanywe maji kabla hawajaomba, na wapakwe mafuta ya kukinga jua hata kama ngozi ni nyeusi.

Boti za kwenda visiwa vidogo vya Changuu au Mnemba zisipandwe bila jaketi okozi kwa kila mtu, watoto wakiwa na za kipimo chao, na ikijaa kupita kiasi shuka hata kama umelipa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake, na mamia wakapotea. Aidha, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali, vyombo huweza kuzuiwa, ndiyo sababu boti ya kurudi isiwekwe siku moja na basi la Kigoma.

Limebaki la zawadi. Wenyeji wa Unguja hufurahia dagaa wetu na samaki aina ya migebuka wa kukausha, na wapo wanaoagiza mawese. Dumu la mawese lijazwe pungufu kidogo, mdomo ufungwe kwa nailoni ngumu chini ya kifuniko, kisha lisimamishwe ndani ya ndoo yenye mfuniko, peke yake. Mimi nililiweka kwenye begi la nguo, na kanzu niliyokusudia kuivaa sikukuu ilifika Malindi ikiwa na rangi ya machungwa hadi kiunoni.