Ukitaka mtaa wako usikatwe, anza na mstari wa bloku: somo kwa tulioko Marekani

Wengi wetu huku Marekani huzinduka mipaka ya udiwani ikiwa imeshachorwa. Tunajaa kikaoni kulalamika kwamba mtaa umekatwa vibaya, tunajibiwa kwa upole: "Hiyo ni bloku moja, ndani yake hatujui nani anakaa upande upi." Na ni kweli. Bloku ndilo eneo dogo kuliko yote linalotolewa hesabu ya watu katika sensa. Mwaka 2020 zilikuwa zaidi ya milioni 8. Mstari ambao haukuwekwa kabla ya sensa hautakusaidia baada yake.

Hatua ya 1: Mjue anayepeleka mapendekezo. Sheria namba 94-171 ya mwaka 1975 inaitaka Ofisi ya Sensa iyape majimbo nafasi ya kusema yanataka hesabu za maeneo yapi. Kila jimbo lina mjumbe wake rasmi wa kazi hiyo. Kaunti na miji humletea yeye ujuzi wa mitaani. Kwa sensa ya 2020, mapendekezo yalianza kukusanywa mwishoni mwa 2015. Basi usingoje mwaka wa sensa. Ulizia ofisi ya mipango ya mji wako mapema.

Hatua ya 2: Tembea kwa miguu. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo mwenyeji anapomshinda mtu wa kompyuta. Chukulia bloku moja kubwa: huku majengo ya ghorofa yaliyojaa familia zetu, kule nyumba za watu wengine kabisa, katikati kijito kilichofunikwa na vichaka, chenye daraja la mbao la kuvukia watoto wa shule. Kwenye ramani ya Sensa kijito kimo, lakini hakigawi bloku. Mtu wa ramani wa kaunti anaweza kukiwekea alama ya "lazima kishikiliwe", yaani pendekezo kwamba kiwe mpaka wa bloku. Programu ya kompyuta ya kuwekea alama hizo, GUPS, hutolewa bure. Mto, reli, barabara, vyote vyafaa. Kinyume chake kipo pia: kijia cha kuingilia maegesho kinaweza kuwekewa "kisishikiliwe", kisije kikazaa vibloku visivyo na mtu.

Hatua ya 3: Mipaka ya mji iwe sahihi. Mpaka wa kisheria wa mji huwa mpaka wa bloku moja kwa moja. Kila mwaka Sensa huuliza mipaka ilivyokuwa tarehe 1 Januari. Mji uliomeza shamba la jirani bila kupeleka taarifa huwakosa wakazi wale kwenye hesabu yake.

Hatua ya 4: Gereza likae kwenye bloku yake. Wafungwa huhesabiwa walipofungwa. Huko Anamosa, Iowa, kata moja ilikuwa na watu kama 1,400, na zaidi ya 1,300 kati yao walikuwa wafungwa wasioweza kupiga kura. Mwaka 2005 diwani wake alichaguliwa kwa jumla ya kura 2 tu. Gereza likiwa na bloku yake peke yake, ni rahisi kulitoa kwenye hesabu.

Hatua ya 5: Hakiki. Mapendekezo si amri. Ofisi ya Sensa ndiyo yenye kauli ya mwisho. Rasimu ikirudi, fungua ramani ukitazame kijito chako.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Sisi Columbus tumeshachelewa?*
Marahaba. Bloku za 2020 hazibadiliki tena. Kwa ramani za sasa, nendeni kikaoni na orodha ya namba za bloku zenu mkaombe zikae pamoja. Kijito kiandikieni barua sasa, kwa ajili ya 2030.

*Bloku ikiwa ndogo sana, si watajua nyumba yangu ina watu wangapi?*
Majibu ya mtu mmoja mmoja ni siri kisheria kwa miaka 72. Zaidi ya hapo, mwaka 2020 hesabu za bloku zilichanganywa makusudi na tofauti ndogondogo ili kaya isitambulike. Kwa hiyo usiombe bloku ya nyumba tatu. Hesabu yake haitaaminika.

*Ndugu, mimi sina uraia. Nitasikilizwa?*
Sensa huhesabu wakazi wote, raia na wasio raia, nawe umo. Kumwonyesha mtu wa ramani kijito kilipo hakuhitaji pasi. Piga picha daraja lile la mbao, andika majina ya barabara mbili za karibu, umpelekee.