Kupima namba inayobeba kilo: ledi nne, CD moja na meza ya jikoni

Mama yangu aliuza maharage na mchele katika soko la Mbuyuni, hapa Moshi, kwa zaidi ya miaka ishirini. Mizani yake ilikuwa ya sahani mbili, na mawe yake ya chuma yalikuwa na mhuri wa Vipimo. Nikiwa darasa la tano nilimuuliza: jiwe la huyo bwana wa Vipimo analipima nani? Akasema, "Lipo jingine kwa wakubwa zake, mwanangu." Na hilo je? Akaniambia nimpe mteja chenji yake.

Jibu nililipata ukubwani. Kila jiwe lilikuwa na mzazi, na ukoo wote uliishia kwenye kipande kimoja cha platini na iridi kilichotunzwa tangu 1889 huko Sèvres, jirani na Paris. Hicho ndicho kilikuwa kilo. Lakini kila walipokilinganisha na nakala zake waliona vinazidi kuachana, na baada ya miaka mia tofauti ilikuwa imefika mikrogramu 50 hivi. Ni kiasi kidogo kuliko punje ya chumvi, ila jiwe mama likibadilika, ulimwengu mzima unabadilika nalo na hakuna wa kulisahihisha. Novemba 2018 nchi wanachama wa Mkataba wa Mita zilipiga kura Versailles, na kuanzia tarehe 20 Mei 2019 kilo haishikwi tena na chuma. Inashikwa na namba ya mwanafizikia Mjerumani Max Planck, 6.62607015 × 10⁻³⁴ jouli sekunde, namba ileile ambayo fizikia ya kwanta, yaani ya nguvu inayokwenda kwa punje punje, ilianza nayo mwaka 1900.

Mimi nafundisha fizikia sekondari. Namba hii wanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani kisha huisahau. Inaniuma, kwa sababu inapimika mezani, jioni moja, kwa vifaa vinavyopatikana kwa fundi redio yeyote. Nitakueleza ninavyofanya.

Vya kutafuta

Ledi nne, yaani taa ndogo za LED: nyekundu, njano, kijani na bluu. Chukua zenye kioo cheupe kinachopitisha mwanga, ambazo rangi yake huioni mpaka ziwake. Usichukue ledi nyeupe, kwani ndani yake ni bluu iliyopakwa unga unaogeuza rangi, itakupotosha. Ongeza rizista moja ya omu 330, volyumu ya kilo-omu 1 (ile ya kuzungusha, kama ya redio za zamani), betri nne ndogo za volti 1.5, waya, na mita ya fundi inayosoma volti mpaka tarakimu mbili baada ya nukta. Halafu CD moja tupu ya kuchoma, selotepu pana, na futi ya fundi cherehani.

CD, nasema, wala si DVD. Mara ya kwanza nilichukua diski ya harusi ya ndugu yangu bila kuitazama vizuri, nikatafuta rangi kwenye futi nusu saa nzima nisiione. Ilikuwa DVD. Mistari ya CD imeachana kwa nanomita 1600, ya DVD kwa 740 tu, kwa hiyo DVD inaupinda mwanga kwa pembe kubwa zaidi na rangi inaangukia mbali kabisa na pale unapoitazamia.

Kwanza, rangi

Bandika selotepu upande wa CD wenye maandishi, ikandamize, kisha ivute kwa nguvu. Utando wa fedha utang'oka. Rudia mpaka ibaki plastiki tupu, kisha futa rangi iliyobaki kwa pamba yenye spiriti.

Washa ledi nyekundu iwake sawasawa na uiweke mwanzo wa futi uliyoilaza kwa upana mezani. Simama sentimita 50 kutoka hapo, CD ikiwa mbele ya jicho, imekabili taa sawasawa bila kuinama. Tazama kupitia ubavu wake wa kulia au wa kushoto, usipitie juu wala chini, maana pale ubavuni mistari imesimama wima kama nondo za dirisha. Taa utaiona mahali pake, na pembeni utaona taa ya pili, kama kivuli chenye rangi, kimekaa juu ya futi. Mwenzako asogeze kidole mpaka kigusane na kivuli hicho, asome namba.

Kwangu nyekundu ilikaa kwenye sentimita 21.5. Sasa hesabu: 21.5 mara yenyewe, ongeza 50 mara yenyewe, tafuta kipeo cha pili, utapata 54.4. Gawa 21.5 kwa 54.4, zidisha kwa 1600. Nilipata nanomita 632, huo ndio urefu wa wimbi la taa ile. Njano ilitoa 589, kijani 526, bluu 468. Kisha gawa mwendo wa mwanga kwa kila urefu upate masafa, yaani mawimbi mangapi yanapita kwa sekunde: trilioni 474, 509, 570 na 641.

Pili, volti, na hapa usiwe na haraka

Miguu miwili ya pembeni ya volyumu iende kwenye betri, mmoja chanya na mmoja hasi. Mguu wa kati upite kwenye rizista, uingie mguu mrefu wa ledi. Mguu mfupi urudi hasi. Ncha za mita zishike miguu ya ledi yenyewe. Ukizishikisha nje ya rizista utasoma volti za vitu viwili kwa pamoja, na hesabu yote itaharibika. Ledi usiiunganishe na betri bila rizista hata kwa kujaribu, itaungua.

Viringisha karatasi nyeusi iwe bomba, ledi upande mmoja, jicho upande mwingine. Zima taa za chumba. Mimi hungoja umeme ukatike mtaani, giza likiwa kamili na hata taa za jirani zimezimika. Kaa dakika kumi macho yazoee. Ndipo uanze kuzungusha volyumu taratibu kutoka sifuri.

Hakuna kitu. Volti moja, hakuna. Volti moja na nusu, bado. Kisha, kwenye 1.64 hivi, inatokea nukta nyekundu hafifu kama kaa la mkaa chini ya majivu. Simama hapo, mwenzako asome mita. Rudisha sifuri, rudia mara tano, chukua wastani. Baada ya hapo weka bluu. Kwenye 1.64 bluu iko gizani kabisa. Kwenye 2.00 iko gizani. Kwangu ilitokea 2.37. Njano ilikuwa 1.77 na kijani 2.09.

Tua kidogo hapa, maana jambo lenyewe la kwanta ndilo hili. Ndani ya ledi, elektroni inashuka ngazi moja, na inaposhuka inatoa punje moja ya mwanga, yaani fotoni. Punje hiyo hailipwi kwa mafungu. Ya bluu ni ghali kuliko nyekundu, na betri isipoipa kila elektroni nguvu ya kutosha bei hiyo, hutaiona bluu iliyofifia; utaona giza. Namba ya Planck ndiyo inayopanga bei: zidisha masafa kwa namba hiyo, unapata nguvu ya punje moja. Ni kwa sababu ya bei hiyo, pamoja na ugumu wa kuotesha fuwele zinazofaa, kwamba ledi nyekundu zilikuwepo tangu 1962 lakini bluu yenye mwanga wa kutosha ikangoja mpaka miaka ya tisini, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2014.

Tatu, mstari

Chukua karatasi ya miraba. Masafa chini, volti pembeni, nukta nne, kisha mstari mmoja mnyoofu upite katikati yao. Usikokotoe kwa nukta mojamoja. Jicho linaona nukta ya kwanza kabla volti haijafika bei kamili, kwa sababu joto la chumba huisaidia elektroni kidogo. Kosa hilo linazigusa ledi zote nne karibu sawa, hivyo mteremko wa mstari hauathiriki sana.

Kwenye mstari wangu, kutoka trilioni 450 hadi 650 volti zilipanda kutoka 1.53 hadi 2.42. Gawa 0.89 kwa trilioni 200, zidisha kwa chaji ya elektroni, 1.602 × 10⁻¹⁹. Nilipata 7.1 × 10⁻³⁴. Nimezidisha kwa asilimia 7 au 8, na kwa meza ya jikoni ni kipimo ninachokiheshimu.

Maabara kubwa hufanya kinyume cha safari yetu: wanaanza na namba ya Planck, wanafikia kilo. Wana mizani aliyoibuni Mwingereza Bryan Kibble mwaka 1975: upande mmoja uzito, upande wa pili badala ya jiwe kuna nguvu ya umeme unaopita kwenye koili. Umeme huo hupimwa kwa vifaa vilivyopozwa sana vinavyofuata sheria za kwanta moja kwa moja, kikiwemo kiungo cha Josephson, yaani vipande viwili vya metali vinavyopitisha umeme bila ukinzani, vimetenganishwa na utando mwembamba. Kwa saketi za viungo vya aina hiyohiyo John Clarke, Michel Devoret na John Martinis walionyesha, huko Berkeley mwaka 1984 na 1985, kwamba hata saketi ya kushikika mkononi hupanda ngazi za nguvu kwa punje, kama chembe moja. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 2025 ilikwenda kwao.

Desemba iliyopita nilimfanyia Mama jaribio hili. Nilimwachia volyumu, mimi nikashika mita. Alikaa kimya muda mrefu jicho kwenye bomba, akizungusha kwa vidole vilevile vilivyozoea kuongeza punje moja moja kwenye sahani mpaka mizani ilale. "Ipo," akasema. Mita ilisoma 2.36. Akataka niiandike kwenye daftari lake la madeni, chini ya majina ya wateja, na tarehe.