Kurekodi bahari ya Mombasa na kuisomea mchoro wa makumbusho

Narekodi sauti za bahari, kisha nazipanga kwa kufuata mchoro wa meli iliyozama, watu wazisikilize. Maikrofoni ya majini sinunui, natengeneza mwenyewe.

Hatua ya 1: Nunua kwa fundi redio kisahani cha piezo cha milimita 27, kile kinacholia ndani ya king'ora. Chukua waya wa maikrofoni: uzi wa kati ulehemu kwenye duara jeupe, nyuzi zilizosukwa nje uzilehemu kwenye shaba. Ukigeuza utanasa mvumo wa umeme. Pakaa epoksi (gundi ya kuchanganya, isiyopitisha maji) mara mbili, kila tabaka likauke usiku kucha. Changu cha kwanza nilikipaka rangi ya kucha. Kilikufa kabla ya kufika pima moja.

Hatua ya 2: Nenda baharini siku za maji mafu, maji yanapojaa na kupwa kidogo. Maji ya bamvua hukokota waya ukatetemeka, nao ndio utakaorekodi. Funga chubwi nusu mita chini ya kisahani, zimeni mashine, na asiwepo wa kusogeza miguu chomboni. Lango la Kilindini ni njia ya meli, usiliingie bila ruhusa.

Karibu na miamba utasikia kama mafuta yanakaanga. Ni kamba (mnyama, si ya kufungia mashua). Hufunga koleo kwa kasi mpaka kiputo kinazuka majini, na kiputo kikibonyea ndipo panapoalika.

Hatua ya 3: Kwenye makumbusho ya Fort Jesus, ngome ya zamani ya Mombasa, usiende kuomba mchoro wa "chochote cha bahari". Taja kitu. Mimi nilianza na Santo António de Tanna, manowari ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchimbuliwa 1977 hadi 1980. Mbao zilizofukiwa na tope zilisalia. Zilizobaki wazi zilitobolewa na kuliwa na viumbe wa baharini.

Hatua ya 4, ninayoipenda: mchoro wa mbao zilizosalia usome kama noti za muziki, tezi hadi omo, mita moja kwa sekunde kumi. Penye ubao weka kimya. Palipoliwa weka kamba wako. Usiongeze mawimbi wala ngoma. Nilijaribu, ikawa tangazo la hoteli.

Hatua ya 5: Tia spika ndogo ndani ya mtungi mkavu, sauti iwe chini ili msikilizaji ainame. Kando bandika karatasi yenye namba ya usajili ya kitu, tarehe, kina, na kama maji yalikuwa yakijaa au yakikupwa.