Saipresi ya dhahabu nyumbani: mkasi usiguse kahawia

Kwenye nyumba nyingi za Njiro kule Arusha, na za Karen na Limuru nchini Kenya, utaona kando ya geti mti mfupi mnene wenye umbo la yai au la mshumaa, majani yake ya manjano yaking'aa mwaka mzima. Vitaluni wengi huuita saipresi ya dhahabu. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaijua jamii yake kwa jina la mberoshi. Ni mti mzuri na hauna usumbufu mwingi, lakini una tabia moja ambayo asiyeijua huuharibu kwa asubuhi moja tu.

Tenganisha matawi kwa mikono uchungulie ndani. Dhahabu yote iko nje, unene wa kiganja hivi. Ndani ni vijiti vya kahawia visivyo na jani, kwa sababu jua halivifikii. Vijiti hivyo havichipui tena. Michongoma au bogenvilia ukiikata hadi kwenye mti mtupu, baada ya mvua inarudi. Saipresi hairudi. Ukipitisha mkasi ndani ya ganda lile la dhahabu, umetoboa tundu litakalobaki hapo maisha yote ya mti. Karibu kila ninalokushauri hapa chini linatokana na hilo.

Kwanza ujue unanunua nini, maana jina moja linabeba miti miwili. Ponda kijani kidogo kati ya vidole. Kikinukia limau na majani ni laini kama manyoya, hiyo ni Goldcrest, ambayo asili ya mama yake ni ufuko wa Monterey huko California. Usidanganywe na udogo wake kwenye kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche: ukiuacha bila kuupunguza utapita mita 5. Kama matawi ni bapa na yamesimama wima kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa kidogo, hiyo ni tuya ya China, na aina yake fupi, Aurea Nana, huchukua miaka mingi kufika kimo cha kifua. Kwa ua mdogo wa nyumba mimi huchagua hii ya pili bila kusita. Haikulazimishi kushika mkasi kila mara.

Muulize mwenye kitalu kama mche umetokana na kipandikizi. Iliyooteshwa kwa mbegu mara nyingi hurudia ukijani wa mababu zake. Kisha toa mche kwenye kiriba ukague mizizi. Mche ambao mizizi yake imejizungusha kama kamba kwenye ndoo uuache hapohapo kitaluni.

Hali ya hewa inayoipenda ni ya nyanda za juu: Lushoto, Njombe, Iringa, Mbeya, Nairobi, Eldoret. Dar es Salaam na Mombasa joto na unyevu huichosha Goldcrest haraka. Tuya huvumilia kidogo zaidi, lakini mkazi wa pwani anayetaka manjano mlangoni atafurahi zaidi na duranta ya dhahabu, ingawa si ya jamii hii.

Panda mwanzoni mwa mvua, mahali penye jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Kivulini dhahabu hugeuka kijani kibichi. Shimo liwe na upana mara mbili ya kiriba, kina kisizidi kiriba, ili mti usizame udongo ukishuka. Changanya samadi iliyooza vizuri. Penye udongo mweusi mzito unaotuamisha maji, kama sehemu nyingi za Nairobi, inua tuta la sentimita 20 hadi 30 upande juu yake. Mizizi ya saipresi ikikaa majini huoza, na mti hukauka wakati udongo umelowa, jambo linalowafanya watu wazidi kumwagilia. Acha angalau mita moja kutoka ukutani. Upande uliobanwa na ukuta hukosa mwanga, hupukutika, na sasa unajua kwamba hautarudi. Pia usiupande karibu na jiko la kuni au mahali pa kuchomea taka: majani yake yana mafuta na hushika moto upesi.

Kiangazi cha kwanza upe mti lita 10 za maji mara mbili kwa wiki, polepole, shinani. Weka matandazo, yasiguse shina.

Kupunguza ni ncha tu, sentimita 2 au 3, mvua zinapoanza. Anza mti ukiwa mdogo, usisubiri uvimbe. Chini pawe papana kuliko juu ili jua lifike matawi ya miguuni. Fundi wa bustani akija na panga, msimamishe kwa upole na umwonyeshe ile kahawia ya ndani kabla hajaanza.

Adui mkubwa ni kidukari wa saipresi. Aliingia Malawi mwaka 1986 na Kenya mwaka 1990, akaua mashamba na nyua za saipresi katika eneo letu hadi wataalamu wakaleta nyigu mdogo anayetaga ndani ya vidukari hao. Kidukari huyo bado yupo. Hukaa kwenye vijiti vya ndani, rangi yake kama ya gome, ndiyo maana macho humpita. Tazama sisimizi: wakipanda na kushuka kwenye shina, na majani yakinata au kuwa na masizi meusi, fungua matawi. Mapema, maji ya sabuni yaliyopulizwa kwa nguvu hadi ndani, kila baada ya siku 5 hadi 7, yanatosha. Akizidi, omba duka la pembejeo dawa iliyosajiliwa kwa vidukari na ufuate kipimo cha lebo. Majani machache ya ndani yanayokauka yenyewe kila mwaka ni kawaida. Yakung'ute kwa mkono.

Tawi zima likikauka huku shina likitoa utomvu, hicho ni kidonda cha ukungu. Kata chini ya kidonda, choma tawi, na ufute mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine.

Na kama tundu limeshatokea? Likiwa dogo, vuta matawi jirani kwa kamba laini yalifunike, uyaache yamefungwa hadi yazoee. Likiwa nusu ya mti, ung'oe, kisha panda mti mwingine mvua ijayo.